Kukarabati Jiko la Fleti ya Zamani Mombasa kwa Fedha Kidogo na Mikono ya Familia

Fleti nyingi za zamani katika kisiwa cha Mombasa, kuanzia Ganjoni hadi Tudor na Makupa, zina majiko yanayofanana: chumba chembamba, dirisha moja, sinki iliyokwisha kuliwa na kutu, soketi moja inayobeba friji, birika na mashine ya kusagia kwa zamu, na ukuta ambao hata ukipakwa rangi mara ngapi, baada ya msimu mmoja hutoa unga mweupe na kuanza kumomonyoka. Mwenye fedha nyingi hubomoa kila kitu akaanza upya. Mwongozo huu ni wa familia isiyo na uwezo huo, lakini iliyo na vijana wenye nguvu, wazee wenye maoni, na jamaa wawili watatu walio tayari kuchanga. Kanuni ninayoitetea ni moja: fedha zitangulie kwenye kile kitakachofichwa, yaani mabomba, nyaya na ukuta wenyewe, na kile kitakachoonekana kiachiwe mikono ya familia na subira. Watu wengi hufanya kinyume chake. Hununua vigae vya kung'aa, kisha baada ya miezi michache hulazimika kuvivunja ili kulifikia bomba linalovuja nyuma yake.

Anayepika ndiye mwenye kauli

Kikao cha kwanza cha familia kisianze na rangi wala vigae. Kianze na swali la nani anapika, anapika nini, na anafanya kazi hiyo akiwa ameketi au amesimama. Jiko la nyumba ya Mombasa lina mahitaji ambayo picha za majiko ya madukani hazina habari nayo: kuna nazi ya kukunwa kwa mbuzi, ambayo humtaka mtu aketi karibu na sakafu na apate nafasi ya kunyoosha miguu, kuna chapati za kusukumwa, kazi inayotaka meza ya chini kuliko ile ya kukatia vitunguu, kuna masufuria ya pilau ya siku za shughuli, ambayo hayaingii katika kabati lolote la kawaida, na kuna madumu ya maji, ambayo mchoraji wa makabati ya kisasa hakuyafikiria hata kidogo.

Mwombe mama, au yeyote anayekaa jikoni muda mrefu zaidi, asimame akiwa amevaa kandambili zake za kila siku, akunje kiwiko kama anayekata mboga, kisha kijana mmoja apime kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Ukitoa sentimita 10 hadi 15 kwenye kipimo hicho, unapata urefu wa meza ya kukatia ambayo haitamuumiza mgongo wala mabega. Makabati mengi yanayouzwa yakiwa tayari huwa na urefu wa sentimita 85 hadi 90. Kwa mtu mfupi, sentimita tano za ziada huonekana si kitu kwenye karatasi, lakini huwa mateso asubuhi ya Ijumaa wakati pilau ya watu 20 inaandaliwa. Kwa ajili ya chapati, sehemu ndogo ya meza ishushwe sentimita nyingine 10 hivi, au kuwe na ubao wa kuvutwa kutoka chini ya meza na kurudishwa kazi ikiisha. Chora vipimo vyote kwa chaki kwenye ukuta na sakafu, mahali meza, friji na jiko la gesi vitakapokaa, na muishi na michoro hiyo kwa wiki moja kabla ya kununua chochote. Chaki hufutika bure, zege halifutiki.

Suala la fedha za jamaa litatuliwe katika kikao hicho hicho. Achaguliwe mweka hazina mmoja, si lazima awe mkubwa kwa umri, bali mtu anayeandika. Kila mchango unaoingia kwa M-Pesa uandikwe katika daftari, kila risiti ipigwe picha na kutumwa kwa waliochanga. Ami anayetuma fedha kutoka Maskati ana haki ya kuona zilivyotumika. Hana haki ya kuamua urefu wa meza ambayo hatakatia kitunguu. Hilo lisemwe mapema na kwa heshima, na lisemwe na mtu anayemlingana naye, kwa kuwa kijana akilisema litageuka kuwa utovu wa adabu na ukarabati utageuka kuwa kesi.

Wakati wa kuanza nao ni sehemu ya bajeti. Mwezi wa Shaaban mafundi wa rangi na maseremala hutafutwa na kila mtu, kwa sababu nyumba nyingi hutaka kuingia Ramadhani zikiwa safi, na fundi anayegombewa na nyumba tano hapunguzi bei wala hakai siku nzima kwako. Mvua za masika, zinazoanza karibu na Aprili na kupamba moto Mei, huchelewesha plasta na rangi kukauka. Pale kalenda inaporuhusu, likizo ya Agosti ndiyo bora kuliko zote: upepo wa kusi umepoza hewa, mvua kubwa zimepita, na vijana wako nyumbani.

Ruhusa

Mpangaji asinunue hata mfuko mmoja wa saruji kabla ya kuandikiana na mwenye nyumba juu ya kipi kitakatwa kwenye kodi, kipi kitabaki na kipi kitaondoka naye siku ya kuhama. Katika fleti za kununua, kamati ya jengo ijulishwe siku za kelele na siku ya kufunga maji. Kubomoa ukuta au kutoboa zege la sakafu si ukarabati wa kawaida. Kunataka idhini ya kaunti na jicho la mhandisi. Na aliye katika Mji wa Kale akumbuke kwamba eneo hilo linahifadhiwa, hivyo kabla ya kugusa dirisha au ukuta unaotazama nje azungumze na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kulisoma jiko kabla ya kulibomoa

Tenga usiku mmoja kwa ajili ya maji. Kama fleti ina mita yake na maji yanatoka, funga mifereji yote watu wanapokwenda kulala, andika tarakimu za mita, kisha uzisome tena kabla ya mtu wa kwanza kuamka kutawadha. Zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja mahali fulani. Kama mnatumia tangi lenu, weka alama ya maji ya usiku kwa kalamu na utazame asubuhi. Kisha mbishie hodi jirani wa chini na umwombe uitazame dari yake. Doa la kahawia lililo chini ya sinki yako litakueleza mengi kuliko fundi yeyote, na jirani aliyeshirikishwa mapema hatakuja juu siku ya kelele.

Tazama pia dari yako mwenyewe. Hewa ya chumvi hupenya katika zege la zamani na kulisha kutu vyuma vilivyomo ndani. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba husukuma zege likapasuka. Ukiona nyufa zilizonyooka zenye madoa ya kutu, au vipande vya zege vimeanguka na nondo zinaonekana, hapo bajeti ya vigae isimame. Kuziba kwa plasta ni kuficha ugonjwa, na mzigo unaoweza kuanguka ni wa juu ya kichwa cha anayepika. Mwite mhandisi, na jambo hilo lipelekwe kwa mwenye jengo, kwa sababu ni la jengo zima.

Halafu gonga kuta kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Mlio mzito ni plasta iliyoshika. Mlio mtupu ni plasta iliyoachana na ukuta, na hiyo itabomolewa. Zungushia kwa chaki sehemu zote tupu, ili siku ya kupatana na fundi mpatane juu ya kitu kinachoonekana.

Soketi na swichi usizifungue mwenyewe. Mlipe fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, aje akague tu, hata kama kazi yenyewe itafanywa baadaye. Nyaya za zamani zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani. Za sasa ni za kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa manjano. Rangi za zamani peke yake si hatari. Hatari ni gamba lililokauka na kupasuka, kukosekana kwa waya wa ardhi, na soketi iliyoungwa kutoka kwenye waya wa taa.

Kugawa fedha

Baada ya uchunguzi ndipo bajeti iandikwe, si kabla. Mgawanyo ninaoupendekeza kwa fleti ya kawaida ni huu: katika kila shilingi 100, shilingi 40 ziende kwa maji, umeme na kuta, 30 kwa meza na makabati, 10 kwa vigae na rangi, na 20 zikae akiba. Akiba hiyo isiguswe hadi kuta zote zifunguliwe na yaliyomo yaonekane, kwa kuwa kila ukuta wa zamani una siri yake. Ikibaki, hapo mama achague kigae anachokipenda.

Omba bei kwa mafundi watatu na uwaonyeshe alama zile zile za chaki. Pataneni kwa kazi nzima badala ya kutwa, isipokuwa kwa kazi ndogo isiyotabirika. Malipo yagawanywe kwa hatua, na kabla ya kazi kuanza yasizidi theluthi. Vifaa nunueni wenyewe mkiwa na orodha ya fundi mkononi. Kijana mwenye muda wa kuzunguka maduka matatu huokoa fedha ambazo hakuna fundi atakayeziokoa kwa niaba yenu.

Kubomoa, na kula wakati wa kubomoa

Kubomoa ni kazi ya familia, na ni kazi ya kwanza inayopunguza gharama. Lakini kwanza jiko la muda lipangwe, kwa maana familia isiyo na pa kupikia itakula mkahawani, na wiki mbili za mkahawa zinaweza kumeza fedha za makabati. Mahamri na mbaazi za asubuhi mnaweza kununua bila kuumia. Chakula cha mchana na usiku kipikwe kwenye jiko dogo la gesi lililowekwa kwenye roshani au mahali penye hewa ya kutosha. Jiko la makaa lisiingizwe ndani hata siku ya mvua: hewa yake yenye sumu haina harufu, na watu hulala wasiamke.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu na maji yafungwe kwenye koki ya kuingilia kabla ya nyundo ya kwanza. Plasta iliyozungushiwa chaki ing'olewe kwa tindo na nyundo, ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji ili vumbi lisitimke. Rangi ya mafuta ya miaka mingi iliyopita inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huathiri akili za watoto. Kwa hiyo rangi ya zamani isisuguliwe kwa msasa mkavu, bali ikwanguliwe ikiwa imeloa, watoto wadogo wakiwa kwa bibi yao, na mabaki yafungwe kwenye mifuko siku hiyo hiyo. Mkikuta bomba la moshi, tangi au bati la kijivu la asbesto, msilivunje, msilitoboe wala msilikate. Liachwe hapo hadi aje mtu mwenye leseni ya kuliondoa.

Kila kinachong'olewa kikiwa kizima kiwekwe kando. Milango ya makabati ya zamani ya mvule au mbambakofi, hata ikiwa imepakwa rangi mara nne, ni mbao bora kuliko nyingi zinazouzwa leo. Ukikwangua na kupaka mafuta ya mbao unapata milango ambayo kwa fedha za sasa usingeweza kuitengeneza.

Maji

Mabomba ya chuma ya miaka hiyo huliwa kutoka ndani, na maji ya visima ya kisiwani, ambayo yana chumvi, huharakisha jambo hilo. Ukiona maji ya kwanza ya asubuhi ni ya rangi ya chai, usibadilishe kipande kimoja. Badilisha njia yote ya jikoni kwa mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto wa mashine. Yana faida mbili: hayashiki kutu, na maungio yake, yakifanywa na mtu anayejua, huwa kitu kimoja na bomba. Bomba la milimita 20 latosha kwa jiko. Bomba la maji machafu nalo lipewe mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Pungufu ya hapo, tui na mafuta ya nazi hutulia njiani na kuganda. Chini ya sinki pabaki kile kipande kilichopinda kinachohifadhi maji kidogo na kuzuia harufu na mende kupanda, na kifungwe kwa namna ambayo mtu anaweza kukifungua kwa mkono akakisafisha.

Jambo ambalo mafundi hulisahau ni kwamba Mombasa maji ya mfereji hayatoki kila siku. Mji hutegemea maji yanayosafiri kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima na ya visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na siku yanapokatika jiko lazima liendelee. Kwa hiyo weka mifereji miwili juu ya sinki, mmoja wa maji ya mji na mmoja wa maji ya tangi au ya kisima, ili maji ya chumvi ya kuoshea vyombo yasichanganyike na ya kupikia. Tenga mahali pa pipa, na papimwe uzito wake: lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo pipa la lita 200 ni zaidi ya kilo 200 juu ya mraba mdogo wa sakafu. Likae kwenye kona inayokutanisha kuta mbili zenye nguvu, si katikati ya chumba. Chini yake pawe na kijukwaa cha sentimita chache ili sakafu ikauke, na mfereji wake uwe juu kiasi cha kuingiza sufuria.

Unaponunua sinki na mifereji, kumbuka chumvi iliyomo hewani. Sinki ya chuma kisichoshika kutu iwe ya daraja la 304, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti. Za daraja la chini hung'aa dukani na kutoboka nyumbani. Mfereji wa shaba ulio mzito mkononi hudumu kuliko mwepesi wenye rangi ya dhahabu.

Umeme na gesi

Hapa familia isaidie kwa kubeba na kufagia tu. Jiko la leo linataka angalau soketi nne juu ya meza, zikiwa mbali na sinki, na moja ya friji peke yake, zote kwenye waya wa milimita za mraba 2.5. Mkiwa na jiko la umeme, lipewe njia yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi. Bodi yenyewe iongezewe swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Kwa jiko ambalo sakafu yake huoshwa kwa ndoo ya maji na watu hutembea miguu mitupu, kifaa hiki kinastahili kununuliwa hata kama itabidi vigae vingoje mwaka ujao. Kabla ya plasta kufunika, kijana mmoja apige picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia imebandikwa juu yake, ili siku ya kutundika rafu ijulikane bomba na waya vinapita wapi. Hilo halina gharama yoyote.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia sakafuni. Tundu la hewa la dirishani halitoshi. Patolewe na tundu la chini, karibu na sakafu, kwenye ukuta wa nje, likizibwa kwa wavu wa kuzuia panya. Mtungi usimame wima, na ikiwezekana ukae roshani nje ya jua, bomba lake likipita ukutani ndani ya ala. Mpira wa gesi usipite nyuma ya oveni, uwe mfupi, na ubadilishwe tarehe iliyochapwa juu yake ikifika. Maungio yakaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti, ijapokuwa kuna wazee wanaoapa kwamba wamefanya hivyo miaka 40.

Ukuta unaotoa chumvi

Kazi hii ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo inayostahili muda. Kuta za majengo ya zamani kabisa ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Mawe hayo yana vitundu, na yamebeba chumvi ya bahari tangu siku yalipochimbwa. Unyevu unapoingia huiyeyusha chumvi. Unapotoka kuelekea kwenye uso wa ukuta huiacha pale, ikakauka na kuvimba, ikaisukuma rangi na plasta. Fundi akija na plasta ya saruji na kuipaka juu, ukuta utapendeza kwa msimu mmoja. Saruji huuzuia unyevu usitoke, nao hutafuta njia nyingine, hivyo doa lililokuwa chini hupanda juu.

Katika ukuta wa matumbawe, dawa ni chokaa. Ng'oa plasta hadi kwenye jiwe, piga brashi kavu chumvi yote, ifagie na kuitupa nje badala ya kuiosha kwa maji, kwa kuwa maji yatairudisha ndani. Acha ukuta wazi ukauke kwa kadiri mnavyoweza kuvumilia, hata wiki tatu. Kisha paka plasta ya sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga, kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likinyunyiziwa maji kwa siku kadhaa lisikauke kwa pupa. Juu yake ije rangi ya chokaa au rangi nyingine inayopumua, si rangi ya mafuta. Mchanga wa ufuoni usitumike popote, hata kama mtu anauleta bure mlangoni.

Kwa fleti za zege na matofali ya saruji, plasta ya sehemu moja ya saruji kwa sehemu nne za mchanga wa mto inafaa, mradi imwagiliwe maji kwa siku saba. Kazi ya kunyunyiza asubuhi na jioni ni ya watoto wa shule, na wataifanya kwa furaha kupita kiasi.

Ukuta wa matumbawe una tabia nyingine: haushiki skrubu vizuri. Kabati la kutundika lenye sahani za familia nzima lisitegemee plagi nne za plastiki. Tumia bolti zinazopita upande wa pili, au, bora zaidi, acha kabisa makabati ya juu na uweke rafu nyepesi za viungo na vikombe.

Meza na makabati

Makabati ya mbao za unga uliogandishwa ni rahisi, lakini hewa ya pwani na tone moja la sinki huyavimbisha kama mkate uliolowa chai. Ninapendekeza njia mbili kulingana na sakafu. Katika fleti ya zege, jengeni vigawanyo vya matofali membamba ya inchi 4 vikiegemea ukuta, juu yake bamba la zege lenye vyuma, kisha seremala atengeneze milango peke yake. Saruji haivimbi, mchwa hawaili, na gharama kubwa ya makabati, ambayo ni maboksi yake, inaondoka. Katika nyumba ya Mji wa Kale yenye sakafu ya boriti za mikoko, msifanye hivyo, kwa sababu uzito ni mwingi mno. Hapo itumike fremu ya mbao yenye miguu ya sentimita 10 na plaiwudi inayostahimili maji, kingo zote zikipakwa vanishi kabla ya kufungwa, hasa ile ya chini ambayo haionekani na ambayo fundi huiruka.

Kwa uso wa meza, ulizeni wakataji wa graniti kuhusu mabaki ya kazi kubwa. Vipande viwili vya rangi zinazokaribiana, kimoja upande wa sinki na kimoja upande wa jiko, hugharimu kidogo kuliko bamba moja refu. Bawaba na skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Tofauti ya bei ni ndogo na skrubu za kawaida hutoa machozi ya kutu mwaka wa kwanza. Chini ya meza karibu na dirisha pabaki wazi, bila mlango, pa mbuzi, kinu na ndoo.

Vigae na rangi

Vigae si lazima vifike darini. Sentimita 60 juu ya meza zatosha. Kwa meza ya mita 3, hiyo ni mita za mraba 1.8, kigae cha sentimita 30 kwa 60 kina mita za mraba 0.18, kwa hiyo vinahitajika 10, na kimoja au viwili vya kuvunjika. Familia iliyotulia inaweza kuvibandika yenyewe kwa gundi ya vigae na pimamaji, ikianzia katikati. Sakafu afadhali aachiwe fundi, kwa sababu ya mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji, na ichaguliwe ya kigae chenye uso wa mkwaruzo. Kabla ya kuipokea, ziba tundu, mwaga maji ya kina cha sentimita mbili, yaache usiku mzima na mrudie yule jirani wa chini.

Lita moja ya rangi hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chagueni rangi nyeupe au ya maziwa kwa chumba chenye dirisha moja. Ugomvi wa rangi umalizwe kwenye mlango wa kabati, ambao ni mdogo na hupakwa upya kwa gharama ndogo.

Malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe siku anayofunga mfuko wake wa vyombo. Pikeni kwanza kwa wiki moja kama kawaida, mifereji yote ikifunguliwa, soketi zote zikitumika, sinki ikijazwa na kumwagwa kwa mkupuo, na anayepika aandike kila kasoro kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Fundi arudi, asome, arekebishe, ndipo alipwe kilichobaki, na namba yake ya simu iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.